Mhariri msiri hana deni kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme neno kuhusu makala mliyoichapisha hivi karibuni juu ya kumbukumbu zilizoandikwa kumhusu William Shawn, aliyekuwa mhariri wa jarida la The New Yorker la Marekani, ambamo mwandishi wenu alifikia uamuzi kwamba mhariri anayeyaficha maisha yake huku akichapisha ya wenzake ana deni kwa wasomaji, na kwamba waliomfichua baada ya kufa walikuwa wakililipa deni hilo kwa niaba yake. Nimeisoma makala hiyo mara mbili, mara ya kwanza nikisubiri daladala pale Sabasaba, na mara ya pili nyumbani nikiwa na penseli mkononi, kwa kuwa nilifanya kazi ya usahihishaji kwa miaka ishirini na sita na siwezi tena kusoma kitu kilichopigwa chapa bila penseli. Makosa ya uchapaji yalikuwa mawili tu, nawapongeza. Ni hoja yenyewe iliyoninyima raha.

Habari za Shawn mwandishi wenu amezieleza kwa haraka, nami naomba nizirudie polepole kwa sababu hoja yangu imeegemea humo. Alizaliwa Chicago tarehe 31 Agosti 1907, jina la ukoo wake likiandikwa Chon kabla hajalibadilisha, akaingia The New Yorker mwaka 1933, akashika uhariri mkuu mwanzoni mwa mwaka 1952 baada ya kifo cha Harold Ross, mwanzilishi wa jarida hilo, na hakuondoka kwenye kiti hicho hadi mwaka 1987. Tangu lilipoanzishwa mwaka 1925 hadi siku aliyoondoka Shawn, yaani kwa miaka sitini na miwili, jarida lile lilikuwa na wahariri wakuu wawili tu. Halikuwa na mahali pa kuorodhesha majina ya wahariri, kwa hiyo mtu angeweza kulisoma kila wiki tangu ujana hadi uzee asikutane na jina la Shawn hata mara moja. Orodha ya yaliyomo yenyewe haikuwekwa hadi mwaka 1969, na jina la aliyeandika makala ndefu lilikaa chini kabisa, msomaji akalikuta pale anapomaliza, kama mtu anayejitambulisha wakati wa kuaga. Mwaka 1936 Shawn aliwahi kuandika kisa kifupi kuhusu kimondo kinachoiangamiza New York, na pale penye jina aliweka herufi mbili tu, W.S.

Zaidi ya hapo alikuwa na hofu zake. Aliogopa lifti, mahandaki, ndege na umati wa watu, na wakati wenzake walipovua makoti kwa joto yeye alibaki na sweta chini ya koti. Waliofanya naye kazi kwa miongo mitatu walimwita Bwana Shawn, naye akawaita hivyo hivyo kwa heshima, hakuna aliyezoea kumwita kwa jina lake la kwanza. Haya yote mwandishi wenu ameyakusanya kama polisi anavyokusanya vielelezo, na akaona kwamba mtu wa namna hiyo lazima alikuwa na jambo.

Jambo alikuwa nalo, nami nitalifikia. Kabla ya hapo naomba tuitazame kazi aliyoifanya kwa usiri huo huo. Mwaka 1946, akiwa bado msaidizi wa Ross, aliletewa maandishi ya John Hersey kuhusu watu sita walionusurika bomu la atomiki lililodondoshwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mpango ulikuwa kuyagawa katika matoleo manne. Shawn akasema yasigawanywe, yachapwe yote kwa pamoja na yasiwekwe pamoja na kitu kingine, hata vichekesho na habari za mjini viondolewe. Ross akasita siku kadhaa kisha akakubali. Wahariri hao wawili wakajifungia na mwandishi wao, wakayapitia maandishi yale sentensi kwa sentensi, huku wafanyakazi wengine wa jarida wakiendelea kuandaa toleo la kawaida ambalo halikuwa litoke. Toleo lile lilitoka tarehe 31 Agosti 1946, likiwa na jalada la watu wanaostarehe bustanini, maana jalada lilikuwa limekwisha kupangwa, na ndani yake maneno yapatayo elfu thelathini kuhusu watu walioungua. Ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa Shawn, alikuwa anatimiza miaka thelathini na tisa. Jina lake halikutokea popote.

Mtu yule yule ndiye aliyeyapokea maandishi ya Rachel Carson kuhusu sumu za kuulia wadudu na kuyachapa mfululizo katika matoleo matatu mwaka 1962, na Novemba ya mwaka huo huo akachapa barua ndefu ya James Baldwin kuhusu rangi na dini, ambayo Wamarekani wengi weupe waliisoma katikati ya matangazo ya manukato na vito. Ningependa mwandishi wenu anieleze ni deni gani analodaiwa mtu aliyetupa kazi kama hizo. Msomaji alilipia jarida, akapewa jarida.

Na sisi Waswahili tusijifanye wageni wa jambo hili. Tangu gazeti la Mambo Leo lianze kutoka mwaka 1923, ambamo Shaaban Robert na malenga wengine wengi walichapisha mashairi yao, washairi wetu wamemzoea mhariri asiye na sura. Ubeti wa kwanza humwomba nafasi, humsalimu, humsifu, pengine humsuta kwa kulikalia shairi lililotangulia, na yeye hajibu. Kuna washairi waliomwandikia mhariri beti mia katika maisha yao wasijue kama ni mnene au mwembamba. Sijapata kusikia malenga akidai aonyeshwe chumba chake. Waandishi wa habari waliotuandikia kumbukumbu zao ni wachache, na hata Rais Benjamin Mkapa, aliyewahi kuhariri The Nationalist na baadaye Daily News, alipotoa kitabu cha maisha yake mwaka 2019 watu walikinunua kwa ajili ya Ikulu; sidhani kama wengi walizitafuta humo kurasa za meza ya uhariri, ingawa mimi nilianzia huko.

Kumbukumbu za Shawn ni nyingi na hazifanani, na kosa kubwa la makala yenu ni kuzitia zote katika kapu moja. Nimezisoma kadhaa, nyingine kwa kuazima kwa mhadhiri mmoja wa hapa Dodoma ambaye huniazima kitabu kwa sharti kwamba nisiandike pembeni. Cha kwanza kilikuwa cha Brendan Gill, mwaka 1975, Shawn akiwa bado kwenye kiti chake. Kitabu cha mizaha na visa vya ofisini, ambacho Shawn mwenyewe alikichangia kurasa kadhaa, na kurasa hizo zilikuwa kumhusu Ross. Alipopata fursa ya kujieleza alimweleza mwenzake. Kuna cha Renata Adler, chenye hasira, kuhusu jarida lilivyobadilika baada ya kununuliwa mwaka 1985 na Shawn kuondolewa mwaka 1987, alipokuwa na miaka sabini na tisa. Siku hizo watu 154 wa jarida hilo walitia sahihi barua ya kumwomba Robert Gottlieb, aliyeteuliwa kumrithi, asikubali kazi hiyo, naye akaikubali. Sina mengi ya kusema juu ya ugomvi wa ofisi, kila mtu anao wake.

Kitabu nilichokirudia ni cha Ved Mehta, kilichotoka mwaka 1998. Mehta alizaliwa Lahore mwaka 1934, akapofuka akiwa mtoto mdogo kwa homa ya uti wa mgongo, na akaajiriwa na The New Yorker mwaka 1961. Huyu hakuweza kutuonyesha sweta wala sura ya Shawn kwa macho yake. Alichokuwa nacho ni sauti ya mhariri wake na maswali yake, jinsi alivyouliza juu ya neno moja kana kwamba anaomba radhi, jinsi alivyongoja jibu, jinsi mwandishi alivyotoka chumbani akiamini kuwa masahihisho yote ameyafanya yeye mwenyewe. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mehta alikuwa kata kwelikweli, na alichokitoa ndani ya mtungi ni maji.

Mwaka huo huo wa 1998 kikatoka kitabu cha Lillian Ross, ripota mashuhuri wa jarida hilo ambaye hakuwa na udugu wowote na Harold Ross. Humo alieleza kwamba yeye na Shawn waliishi kama mtu na mwenziwe kwa takriban miaka arobaini, wakamlea mtoto pamoja, ilhali Shawn alibaki kwenye ndoa yake na Cecille, aliyemwoa mwaka 1928, katika nyumba iliyokuwa mitaa michache tu kutoka kwa Lillian. Shawn alikuwa amefariki tarehe 8 Desemba 1992. Cecille alikuwa bado hai.

Hapa ndipo ninapoachana na mwandishi wenu, na pia ninapoachana na waliomtukana Lillian Ross. Waliomtukana walisema amesaliti siri ya marehemu. Mimi nasema siri ile haikuwa ya marehemu peke yake. Usiri wa mtu mmoja hutunzwa na watu wengi, na wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kazi hiyo. Mwanamke aliyeishi miaka arobaini bila kutajwa alikuwa na maisha yake pia, na maisha hayo yalipita ndani ya siri ya mtu mwingine. Akisema, anasema lake. Vivyo hivyo mwanawe Shawn, Allen, ambaye ni mtunzi wa muziki, alipoandika mwaka 2007 juu ya hofu alizorithi, hofu za lifti na madaraja na kusafiri mbali, alikuwa anaeleza mwili wake mwenyewe. Miaka michache baadaye akaandika juu ya pacha wake wa kike, aliyekuwa na usonji na ambaye alipelekwa kuishi kwenye taasisi akiwa na umri wa miaka minane, na nyumbani kwao hayo yakazungumzwa kwa nadra. Nilipokisoma hicho nilikiweka chini nikatoka nje kidogo. Ukimya uliotupa toleo la Hiroshima ndio ukimya uliokaa mezani kwao kila siku wakati wa chakula, na sioni kama mtu yeyote, mwandishi wenu au mimi, ana haki ya kumwambia Allen aunyamazie.

Lakini msomaji hakukaa kwenye meza ile. Anayedaiwa na Allen si anayedaiwa na mimi. Mwandishi wenu amelichukua dai la haki la watu wa nyumbani akatugawia sisi tuliokuwa barabarani, na hilo ndilo ninaloliita kosa.

Na Lillian Ross, ambaye ninamtetea, simtetei moja kwa moja. Inasemwa, naye mwenyewe ameandika, kwamba Cecille alijua habari zile miaka mingi. Sawa, alijua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kusomwa na jirani ni kitu kingine. Kuna mambo ambayo mke huyajua kwa miaka thelathini na akaenda nayo sokoni na kanisani bila kuinamisha kichwa, kwa sababu anajua kwamba wanaomsalimia hawayajui, au wakiyajua wana adabu ya kutoonyesha. Kitabu kikishauzwa dukani, adabu hiyo imekwisha. Bibi yule alikuwa amevuka miaka tisini. Lillian angeweza kungoja. Yeye mwenyewe aliishi hadi mwaka 2017, na Cecille alifariki mwaka 2005, hivyo muda wa kusema angeupata tele. Najua kwamba mwaka 1998 hakuna aliyemhakikishia hilo, na mtu mwenye miaka themanini hahesabu miaka kama tunavyoihesabu sisi baada ya mambo kupita. Bado ninaona alikosea wakati.

Shawn naye asifanywe mtakatifu. Mwaka 1965 Tom Wolfe aliandika makala ya dhihaka kumhusu yeye na jarida lake katika gazeti la New York Herald Tribune. Shawn alipata nakala kabla haijatoka, akamwandikia barua mmiliki wa gazeti, John Hay Whitney, akimsihi aizuie. Mtu aliyetumia maisha yake kuwapigania waandishi waseme wanachotaka kusema, siku iliyomgusa yeye aliomba mwandishi azibwe mdomo. Makala ilichapwa, barua yake ikavuja, na waliokuwa hawana habari na makala wakaitafuta kwa sababu ya barua. Ni sawa na mtu anayepiga kelele usiku kuwaambia majirani wasimsikilize. Namhurumia, lakini alikosea.

Sasa nieleze kwa nini mtu wa Makole mwenye miaka sabini na moja anapoteza wino kwa mambo ya New York.

Nilisahihisha prufu za jarida dogo lililokuwa likitoka kila mwezi hapa Dodoma, ambalo silitaji, chini ya mhariri ambaye simtaji pia, na tulikuwa tukimwita Mzee hata kabla hajazeeka. Naye jina lake halikuandikwa jaridani. Palikuwa na sanduku la posta na neno Mhariri, basi. Hakupigwa picha. Kwenye hafla alikaa karibu na mlango. Alikuwa na penseli ya rangi ya bluu, na alipoichonga alichonga kwa kisu kidogo, polepole, akikusanya vumbi la penseli katika karatasi ambayo aliikunja na kuitia mfukoni.

Nakumbuka mwalimu mmoja alituletea makala kuhusu shida ya maji katika kijiji kimoja cha upande wa Bahi. Sentensi ya kwanza ilisema, "Wananchi wengi wa kijiji hiki hawana maji safi." Mzee aliizungushia duara neno wengi, akaandika pembeni, "Wangapi? Umehesabu au umesikia?" Mwalimu alikasirika. Alisema kila mtu anajua. Mzee alitoa nauli ya basi mfukoni mwake, akaiweka juu ya prufu, akasema kwa sauti ile yake ya chini, "Nisaidie, maana mimi sijui." Mwalimu alirudi baada ya siku nne akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi na daftari lililojaa. Visima vilikuwa kumi na kimoja, vinavyotoa maji vilikuwa vitatu, na kimojawapo kati ya hivyo vitatu kilikuwa na chumvi kiasi cha kuwafanya ng'ombe wageuke. Makala ilipotoka ilianza na ng'ombe wanaogeuka. Mwalimu yule hadi leo huwaeleza watu kwamba wazo la ng'ombe lilikuwa lake, na ni kweli, lilikuwa lake.

Mzee alifariki mwaka jana. Watoto wake wanaandaa kijitabu cha kumbukumbu, na mmoja wao alinijia akaniomba niandike kurasa tatu, akasisitiza, kwa maneno yanayofanana sana na ya makala yenu, kwamba wanataka mambo ya ndani, kwa sababu baba yao hakujulikana na watu wana haki ya kumjua.

La ndani nililo nalo ni moja. Ofisi ilipofungwa mimi ndiye niliyeitoa mizigo kwenye kabati lake, na nyuma ya majalada yaliyoanza kuliwa na mchwa nikakuta bahasha tisa zenye stempu na mhuri wa posta ya Mpwapwa, zikiwa na mashairi tisa yaliyopigwa taipu, yote yakianza kwa kumsalimu mhariri na kumwomba nafasi, na chini yake lakabu ya mshairi ambaye nilimkumbuka vizuri. Kila shairi lilikuwa na uamuzi wa penseli ya bluu. "Kina cha kati kimepotea ubeti wa nne. Lisitoke." "Mizani imezidi." "Limekopwa kwa wakubwa." Miaka ya nyuma niliwahi kumtetea mshairi huyo mbele ya Mzee, nikamwambia shairi lake moja juu ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni zuri kuliko mengi tuliyokwisha kuchapa, naye akanitazama kidogo akasema, "Huyu bwana wa Mpwapwa hajajua bado mahali pa kunyamaza." Ndani ya bahasha ya tisa, pamoja na shairi lililopigwa taipu, palikuwa na rasimu yake. Ilikuwa kwa mwandiko wa Mzee.

Nilikaa na bahasha zile miezi kadhaa. Niliyasoma yale niliyoyasoma juu ya Shawn nikiwa nazo kabatini kwangu, na nakiri kwamba nilivisoma vitabu vile kama mtu anayetafuta ruhusa au katazo. Niliisoma hata Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 16 inayolinda faragha ya mtu na Ibara ya 18 ya uhuru wa maoni, nikazifunga zote mbili, kwa maana bwana wa Mpwapwa hakuwamo. Niliwakumbuka zaidi wale wanaoosha maiti mtaani kwetu, ambao huona kila kitu na hawaelezi kitu, na hakuna sheria inayowalazimisha. Nilimkumbuka pia Shaaban Robert, ambaye alipotaka kuandika wasifu wa Siti binti Saad alikwenda kumhoji mwenyewe wakati yu hai.

Mzee hakuwa hai tena wa kuulizwa, ila mke wake yupo. Nikaenda Chang'ombe siku moja asubuhi, nikamkuta anachambua mlenda uani. Tulisalimiana kwa Kigogo kama ilivyo desturi yetu, akanipa kigoda, nikamwekea zile bahasha mapajani bila maelezo, kwa sababu maelezo niliyokuwa nimeyaandaa njiani yalinipotea. Aliitoa miwani, akaangalia mihuri, akacheka hadi mlenda ukamwagika.

"Msahihishaji," akasema, maana hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita mumewe, "stempu nilikuwa nanunua mimi. Nikienda kwa mama yangu Mpwapwa ananipa barua nimtumie huko. Nikimuuliza imekubaliwa? Ananiambia, mhariri yule ni mgumu."

Nikamwuliza kama niandike. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema niandike habari ya stempu na ya kina cha ubeti wa nne, lakini mashairi yenyewe yasichapwe, kwa kuwa mwenyewe alikwisha kusema lisitoke, na yeye hakuwahi kumpinga kwenye mambo ya kazi. Kuna shairi moja kati ya yale tisa alilolikunja akalitia kwenye mkoba wake wa khanga. Sikuuliza ni lipi. Haya ninayoyaandika hapa ameyasikia yote, nilimsomea rasimu ya barua hii, na mahali pawili aliniambia nifute nikafuta.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, pale mwandishi wenu anapoandika kuwa ndugu na marafiki wa wahariri wetu waliokwisha kufariki wajitokeze na siri zao gazetini, ningeomba tangazo hilo libadilishwe. Waombeni waliofanya kazi na wahariri hao walete prufu zenye alama za penseli, rasimu zilizokataliwa pamoja na sababu, barua za waandishi waliokasirika, na vitabu vya risiti vinavyoonyesha nauli ya basi ilitoka mfuko wa nani. Hapa Dodoma muwahi kabla ya mchwa, ambao kabati la Mzee walikuwa wamelila hadi rafu ya pili. Watu wa nyumbani wakitaka kusema yao waachwe waseme, kwa wakati wao, na anayepokea maandishi yao awe na adabu ya kuuliza swali moja tu kabla ya kuyapeleka mtamboni, kama kuna aliye hai ambaye kesho yake atashindwa kwenda sokoni.

Jina langu na namba yangu ya simu nimeviandika kwenye karatasi ya pili kama taratibu zenu zinavyotaka. Naomba visichapwe, kwa sababu waliosoma jarida letu wakiniona mimi watamjua yeye.

Msahihishaji mstaafu,
Makole, Dodoma